Verlin Tackett na Breki za Plastiki

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mliolala chali chini ya magari yenu, ongezeni sauti. Leo tunamkumbuka Verlin Tackett wa Hazel Park. Verlin Tackett, mume wa Nadine. Alituacha Jumamosi ile ya Agosti, siku ambayo magari ya zamani hujaa barabara ya Woodward. Mtaniambia hasira hasara. Naijua methali hiyo. Leo niacheni nipate hasara.

Verlin aliuawa na vifuniko vya plastiki vyekundu. Narudia, kwa wale waliokuwa wanakoroga sufuria: vifuniko vya plastiki. Nitawaeleza, lakini kwanza mjueni mtu mwenyewe.

Baba yake alitoka machimbo ya makaa ya Kentucky akaja Michigan kuunda magari, kama wazee wetu wengi. Verlin akamfuata kiwandani, akawa anapachika milango kwenye magari mpaka akastaafu. Jioni alikuwa gereji, nyuma ya nyumba, amevaa kofia iliyolowa mafuta. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alipata gari kuukuu, akang'oa injini, akapachika nyingine yenye nguvu maradufu. Akaweka matairi mapana. Breki? Zilezile za zamani. Basi siku moja anashuka mtaa wa kina Combs, mbwa akakatiza. Verlin akakanyaga. Gari likamwangalia tu. Lilipita kwenye ua, likapanda ngazi, likaingia barazani alipokuwa Nadine Combs anachambua maharage.

"Wanaume wengine huja na maua," Nadine aliniambia wiki hii, huku anafuta macho kwa ncha ya aproni. "Wangu alikuja na bampa."

Mzee Combs hakuita polisi. Alimpa msumeno. "Umeibomoa, utaijenga." Verlin akaijenga baraza ile mpaka majani yakaanza kuanguka, na ilipokwisha, msichana naye alikuwa amekwisha kukubali.

Tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, Verlin alikuwa na sheria moja: breki kwanza. Alipoipata ile Pontiac yake ya kijani, ile GTO mnayoijua wote, hakugusa injini. Aliweka breki za diski mpya, kubwa kama sinia, magurudumu yote manne. Na kwa kuwa diski zile hazikuingia ndani ya rimu za zamani, akanunua rimu kubwa za kisasa. Sikilizeni hapo. Rimu kubwa alizitafuta kwa sababu ya breki kubwa. Watu walimcheka.

"Verlin, gari lako linasimama vizuri kweli. Litaondoka lini?"

"Kuondoka hata jiwe huondoka, ukilisukuma mlimani," akajibu. "Nenda kalisimamishe."

Injini mpya iliingia mwisho kabisa. Ndipo hao wacheshi wakanyamaza.

Sasa tuje kwenye ujinga wetu. Siku hizi mtu ananunua rimu zenye matundu makubwa, zinang'aa hata unaweza kujinyoa ndevu. Ananunua injini inayotikisa madirisha ya jirani. Breki anaziacha. Lakini rimu zina matundu, na ndani kinaonekana kile kingoma cha breki cha zamani, kidogo, kimeshika kutu. Aibu! Basi ananunua kifuniko cha plastiki, kimechongwa kikafanana na breki ya kisasa, kimepakwa rangi nyekundu, anakipachika mbele ya ngoma. Ukitazama kwa nje, unasema lo, jamaa amejitahidi. Ndani hakuna kitu. Mtu haogopi kufa, anaogopa kuchekwa! Jamani, sisi ni watu wa namna gani?

Dwight Tackett ni mdogo wake Verlin. Ana Chevelle ya mwaka sitini na nane. Alihangaika nayo mwaka mzima, na kila Jumapili, wakila kuku wa Nadine, kaka yake alimuuliza swali moja.

"Breki umeweka?"

"Naweka, kaka. Maliza kuku wako."

Ile Jumamosi Verlin na Nadine walikuwa kwenye viti vyao vya kukunja, kwenye nyasi, pale wanapokaa kila mwaka. Dwight akaja na Chevelle nyekundu, injini inanguruma, rimu mpya, watu wanapiga makofi. Akaegesha.

"Ingia, kaka, uonje."

Verlin akainama kidogo. Akachungulia kwenye matundu ya rimu ya mbele, akaona kitu chekundu, kikubwa.

"Hizo breki za kweli?"

"Si unaziona mwenyewe?"

Nadine alisikia maneno hayo kwa masikio yake. Si unaziona mwenyewe. Verlin akacheka, akampiga mdogo wake begani, akampa mkewe soda aishike. "Nakuja sasa hivi," akasema.

Gari lilifika kwenye taa za barabarani. La mbele yao likasimama. Chevelle haikusimama. Ilivutwa upande, ikapanda ukingo, ikagonga nguzo ya taa kwa ubavu wa abiria. Dwight alivunjika mkono. Verlin hakufika hospitali. Nadine alikuwa bado ameishika soda.

Na kifuniko kimoja chekundu kilipatikana barabarani, kizima, hakina hata mkwaruzo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa, ndugu zangu, mfichaji yupo hai. Kifo kimemchukua aliyeamini.

Mnajua desturi yetu. Akifa mtu wa magari, wenzake humsindikiza makaburini kwa magari yao, msafara mrefu, injini zinanguruma. Alhamisi walijaa uwanja wa kanisa, wamepiga magari polishi, wamefunga vitambaa vyeusi. Nadine akatoka kwa nguo yake ya msiba, anaburuta jeki ya marehemu juu ya lami. Kelele zikakoma.

"Anayetaka kumfuata mume wangu avue gurudumu moja la mbele," alisema. "Nataka kuona kilichomo. Mwenye plastiki arudi kwake."

Watu wakatazamana. Mchungaji Eldon Ratliff akamsogelea polepole. "Dada Nadine, haya ni mazishi."

"Ndiyo maana, Mchungaji. Sitaki mengine. Na wewe umekuja na pikapu lako la rangi ya chungwa, lenye rimu kama za harusi. Anza wewe."

Mchungaji akawa mwekundu kuliko plastiki yenyewe. Akavua joho. Akapiga jeki. Gurudumu likatoka, na hapo mbele ya kanisa zima kikaonekana kifuniko, na nyuma yake kingoma cha kutu. Alikichomoa, akakitupa pipani, akaenda kupanda basi la kanisa pamoja na akina mama wa kwaya. Wengine waliwasha magari wakaondoka kimyakimya, na walikuwa wengi. Wengi mno! Nimewaona. Mnajijua.

Mwishoni akaja Dwight, kwa miguu, mkono umefungwa plasta. Wakampisha njia.

"Shemeji," akasema.

"Usiniite shemeji bado. Alisema nini mwisho?"

Dwight akatikisa kichwa. Nadine akangoja. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi na jeneza linaonekana.

"Alisema, 'Dwight, breki,'" akajibu. "Na mimi nilikuwa nimeshakanyaga mpaka chini."

Nilidhani Nadine atampiga. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka ampige. Badala yake alifungua mlango wa ile GTO ya kijani, upande wa abiria.

"Kaa. Naendesha mimi."

Walikwenda nyuma ya gari la maiti. Kabla ya kona ya makaburi kuna barabara iliyonyooka, na Nadine akaliacha gari la maiti litangulie mbali. Kisha akakanyaga mafuta. Dwight ananiambia miti ilikuwa inapita, na nguzo moja ya taa ilikuwa inakuja upande wake, na akashika dashibodi kwa mkono mzima akapiga kelele, "Nadine! Breki!"

Nadine akakanyaga. Gari likasimama. Halikuvutwa kulia wala kushoto. Lilisimama, nguzo iko mbele, mbali kabisa, na kofia ya Verlin yenye mafuta ikaanguka kutoka nyuma ya kiti ikatua mapajani mwa Dwight.

"Hivi ndivyo alivyodhani lako litasimama," Nadine akamwambia. Kisha akaendesha polepole kwenda kumzika mumewe.

Nadine, pole sana. Pole, mama. Sisi wa Hazel Park tuko nawe, hata sisi tuliokutwa na plastiki uwanjani, mimi nikiwemo. Dwight, pole nawe, ingawa sijui nikupe pole gani. Verlin, lala salama.

Na wewe unayenisikiliza, ambaye gari lako linang'aa hapo nje, na mwanao anakuomba umpeleke akale aiskrimu. Usizime redio. Iache ikizungumza. Chukua jeki, toka nje sasa hivi, na umwite mwanao aje kuangalia unachovua.