Mama Christa Kyakimwa na Nyumba Alizokataa Kuzichapisha

Ifikapo tarehe 31 Julai 2026, Mama Christa Kyakimwa ataagana rasmi na Kituo cha Takwimu Huria cha Mlimani baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita. Alianzia katika ofisi yetu ndogo ya Beni, akahamia Butembo, na hapa ndipo anapomalizia, akiwa mkuu wa idara ya ramani. Kati yetu tulio kazini leo hakuna aliyemtangulia. Wengi wetu ndiye aliyetufundisha kazi, na wote amewahi kutukaripia kwa kuandika jina la mtaa bila kwenda kuwauliza wanaokaa humo.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari huko Beni. Hupenda kusimulia kwamba ramani ya darasani kwake ilionyesha kila mto wa Ulaya, lakini Beni ilikuwa nukta moja tu, na nukta yenyewe ilikuwa imeliwa na mende. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza wao wanakaa wapi, alionyesha lile tundu. Darasa zima likacheka, naye akacheka, lakini jioni hiyo alianza kutafuta kazi ya kuchora ramani.

Miaka ile ya mwanzo ofisi haikuwa na gari. Aliyemsafirisha kati ya Beni na Butembo alikuwa Bwana Issaka, mchukuzi aliyekuwa na lori la kubeba mawese na mbao. Mama Christa alikaa mbele, karatasi magotini, na kila lori liliposimama alishuka kuuliza: kijito hiki kinaitwaje, soko hili hukaa siku gani, watu wa hapa hupeleka wagonjwa wapi? Issaka akambandika jina la Mama Carte, Mama Ramani kwa Kifaransa, na jina likamganda. Mwezi mmoja wa Ramadhani, Mama Christa, Mkatoliki kindakindaki, alificha mahindi yake ya kuchoma asimtamanishe dereva aliyefunga. Issaka akayaona.

"Kula tu, Mama Carte," alimwambia. "Mufungo ni yangu, hapana ya lori yote."

Kisha zikaja picha za setilaiti zinazotolewa bure, na ile ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea barabara au jina. Hapo Mama Christa alifanya jambo ambalo sasa linaonekana la kawaida, ila wakati ule tuliliona kama mchezo: alikwenda kwenye vituo vya wamotari, wale vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki, akawaomba wamtajie mji wanavyoujua wao. Hakuna motari wa Butembo anayekwenda kwa jina lililoandikwa kwenye kibao. Kwa hiyo kona moja ikaingia kwenye ramani kwa jina la Penye Mbwa wa Dokta. Baada ya miezi kadhaa dokta mwenyewe alifika ofisini amekasirika.

"Mbwa yangu ilishakufaka," alilalamika, Kifaransa kikichanganyika na Kiswahili kama kawaida yetu, "mais iko kwa téléphone ya kila mutu!"

Mama Christa alimpa pole, akamkaribisha chai, na jina halikufutwa. Mpaka leo, ukitaka kufika haraka kwenye kona ile, mtaje marehemu mbwa.

Lakini kwake ramani ilikuwa mlango tu. Alichokitaka ni kujua watu wanaishije nyuma ya mlango. Alikuwa akichukua takwimu ambazo tayari ziko wazi kwa kila mtu, za mvua, za bei za sokoni, za shule, za afya, akizilaza moja juu ya nyingine mpaka zianze kusema. Ndiye aliyetuonyesha kwamba viazi hupanda bei Butembo siku chache baada ya mvua kubwa kunyesha kule Luofu, kusini mwa Lubero, hata kama juu yetu jua linawaka, kwa sababu barabara ndiyo inayougua kwanza. Alikuwa akisema kwamba mvua ya Luofu hufika Butembo ikiwa imevaa bei ya viazi. Wafanyabiashara walianza kuja kumsalimia mapema kila msimu wa masika, wakijifanya wanapita tu.

Ukutani juu ya meza yake aliandika kwa rangi ya buluu kanuni ya ofisi, ambayo aliitunga mwenyewe: "Tunachokusanya, tunakiweka wazi." Aliiamini kwa moyo wote. Ndiyo maana yaliyotokea mwaka wa 2024 tunayasimulia hapa bila kuyafupisha.

Mwaka huo vita vilifika kusini mwa Lubero, na watu wa Luofu na vijiji vya jirani wakakimbilia Butembo. Wengi hawakwenda kwenye kambi yoyote. Walipokewa na ndugu, na marafiki wa ndugu, na watu waliowafahamu kanisani tu. Mji ukavimba kimyakimya, ndani ya nyumba.

Mama Christa ndiye aliyeuona uvimbe huo kwanza. Taarifa za afya za kila wiki zilionyesha ugonjwa wa kuhara ukipanda katika mtaa mmoja wa mlimani, Musingiri, huku mitaa ya jirani ikiwa shwari. Idadi rasmi ya wakazi ilikuwa ile ile ya zamani. Akafungua picha za setilaiti na kulinganisha paa za mwaka uliopita na za sasa. Hapakuwa na nyumba mpya. Kisha akatazama hesabu ya wanafunzi ambayo shule hutangaza kila muhula, na ile ya Musingiri ilikuwa imekaribia kuwa maradufu. Akavua miwani.

"Nyumba haiongezeke, mais batoto banaongezeka," alituambia. "Donc batu bako ndani. Twende tuone."

Tulikwenda, na mimi ninayeandika haya nilikuwamo. Katika nyumba ya Papa Onésime, fundi seremala, tulikuta familia nne chini ya paa moja. Mmoja wa wageni wake alikuwa Mama Kanyere, mjane aliyetembea kutoka Luofu akiwa na wajukuu zake. Maji ya kunywa walichota kwenye chemchemi iliyo wazi chini ya mteremko, mahali ambapo mvua ilishusha uchafu wa vyoo vyote vya juu. Chemchemi iliyozoea watu wachache sasa ilikuwa na foleni ya bidoni, yale madumu ya kuchotea maji, tangu alfajiri.

Kwa wiki kadhaa tulipita mlango kwa mlango. Tulichora chemchemi, tukachora kila nyumba iliyopokea wageni. Shirika moja la wafadhili lilipoona kazi ile likakubali kujenga chemchemi zote za mtaa, kwa sharti moja: takwimu zote ziwekwe mtandaoni, pamoja na mahali pa kila nyumba, kama kanuni yetu wenyewe inavyosema. Ofisini tulifurahi tukanunua soda. Mama Christa alipanda Musingiri siku hiyo hiyo kuwapa habari njema.

Mama Kanyere alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maji tunaitaka, Mama," alisema. "Mais usitie hii nyumba kwa carte. Bale batu tulibakimbia, nabo banajuaka kusoma carte. Na Papa Onésime, siku banakuya kumuuliza nani alitulalisha hapa, atasema nini?"

Mama Christa alifunga daftari lake. Alirudi kwa miguu, na mvua ilikuwa inanyesha. Siku mbili alishinda mbele ya skrini akizifungua zile nyumba moja moja.

Kwenye kikao, mjumbe wa wafadhili alieleza kwa upole kwamba hakuna hatari, kwani majina yote yamefutwa. Mama Christa akawasha skrini, akabonyeza nukta moja. Ikatokea paa la mabati mekundu, uchochoro, na mgomba pembeni.

"Jina haina kazi," alisema. "Paa inaonekana. Na hii simu yangu mukononi, nafika mpaka kwa mulango. Nitatoa chemchemi zote. Nitatoa ugonjwa, na hesabu ya batu kwa mutaa muzima. Nyumba, hapana."

Mjumbe alijibu kwamba hana mamlaka ya kubadilisha sharti. Mradi ukaenda kwingine. Ofisini wapo walionuna, na wapo waliosema waziwazi kwamba mama amezeeka, amekuwa na woga, na watu wa Musingiri ndio watakaolipa.

Na kweli walilipa. Kabla ya mwezi kwisha, Élysée, mjukuu mdogo wa Mama Kanyere, alishikwa na kuhara, akafia hospitalini. Mama Christa alikwenda matangani peke yake, akakaa chini pamoja na akina mama. Baadaye alituambia kwamba alikwenda akiwa tayari kutukanwa. Ila Mama Kanyere alimkaribia, akamshika mkono.

"Maji njo ilimuua, hapana wewe," alimwambia. "Hawa bengine bako bazima, na hakuna mutu alikuya kubatafuta. Tafuta tu maji. Njia ingine iko."

Alitoka matangani akaenda moja kwa moja kwa Bwana Issaka, ambaye wakati huo alikwisha kuhamia Butembo, mvi kichwani na malori kadhaa barabarani. Alimwonyesha ramani ile isiyo na nyumba: milima, vijito, chemchemi, na ugonjwa mtaa kwa mtaa, ambao sasa ulikuwa umeteremkia mitaa ya chini pia. Issaka aliitazama kwa muda mrefu, akifuata kwa kidole kijito cha Musingiri kinavyoteremka, mpaka kidole kikasimama karibu na nyumba yake mwenyewe.

"Kumbe na sisi tunaikunywa," akasema.

Ramani ikachapwa kubwa. Issaka aliipeleka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, Mama Christa akaipeleka parokiani Jumapili, wamotari wakaitumiana kwenye simu. Kila mmoja alitafuta kilima chake kwanza, halafu akatazama maji yake yanatoka wapi. Bwana Ramazani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitoa mabomba na saruji. Jumamosi, siku ya kazi ya pamoja tunayoiita salongo, watu walipanda Musingiri kutoka mitaa ambayo haikuwahi kujuana nayo. Wanaume walichimba, wanawake wakapitishiana mawe, Papa Onésime akapigilia mbao za kumwagia zege. Mama Christa, mkuu wa idara, alibeba mchanga kichwani, na jioni hakuweza kugeuza shingo.

Chemchemi ikajengwa, ikafunikwa, ikawekewa mabomba. Taarifa za wiki zilizofuata zilionyesha kuhara kukishuka Musingiri, halafu kukishuka katika mitaa ya chini, na kubaki chini. Mama Kanyere alikuwa wa kwanza kukinga bidoni. Chemchemi ya pili ya mtaa huo, iliyo upande wa magharibi, bado iko wazi. Hatutaki kudanganya katika ukurasa wa sherehe. Hiyo ametuachia sisi.

Wafadhili wale hawakurudi. Lakini siku moja tulimkuta Mama Christa amepanda juu ya kiti, brashi mkononi, akiongeza maneno chini ya kanuni yake ukutani: "baada ya kuwauliza wenyewe." Sasa ndivyo tunavyofanya kazi Butembo na Beni. Hatuchapishi kitu kuhusu mtaa kabla ya kukaa na watu wake na kuwasomea tunachotaka kukitoa. Kazi inakwenda polepole kuliko zamani. Hakuna anayelalamika, hata wale walionuna.

Tutakumbuka mengine madogo. Tutakumbuka alivyokuwa akiipigapiga kompyuta ya kwanza ya ofisi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Tutakumbuka maharagwe yake ya Ijumaa, na alivyokuwa akiimba nyimbo za kwaya mtandao ukikatika, sauti ikipanda kadiri subira yake ilivyokuwa ikipungua. Tutakumbuka kwamba wasichana wengi wa Beni walioingia katika kazi hii waliingia wakiwa wameshikwa mkono naye. Mmoja wao ni Yasmine, ambaye kuanzia mwezi wa Agosti ataongoza idara.

Mama Christa anahamia upande wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kwenye shamba la kakao la marehemu mumewe. Wiki iliyopita Yasmine, kwa upendo, alifungua ramani ili ampatie zawadi ya mwisho: amchoree lile shamba, njia ya kuingilia na nyumba yake, alitie na jina. Kwenye skrini sehemu ile ilikuwa nyeupe kabisa, bila hata kichochoro. Mama Christa aliinama, akaitazama kwa furaha ambayo hatujawahi kuiona usoni mwake akiwa mbele ya kompyuta.

"Acha vile, mutoto yangu," alisema. "Niache kwanza nipumuzike."

Wasingya, Mama Christa, ndiyo asante ya lugha ya kwetu. Asante kwa milima uliyotupandisha, kwa maji, na kwa kutufundisha kubisha hodi. Pumzika vizuri, kakao izae, wajukuu wakuzunguke, na Mungu akuongezee siku. Tukikukumbuka sana tutakuja kukutembelea, na njia tutaiuliza kwa watu.