Jina Alilolileta Kukhu

Mheshimiwa MCA, mwakilishi wa wadi yetu, Daktari Kagiri msimamizi wa kliniki hii, Mama Bakhita na kamati yako ya afya, wauguzi wenzangu, na ninyi majirani mlioacha biashara zenu soko la Toi kuja kuniaga: hamjambo?

Nimesifiwa tangu saa nne, na nimeudhika. Eti Nesi Joan, mama wa huruma. Nani, mimi?

Miaka sita iliyopita Trizah, yule pale mwenye leso ya kijani, alijifungua hapa. Siku ya tatu akaniambia, kwa furaha, kwamba marehemu nyanyake alisimama kando ya kitanda akamtajia mtoto jina. Fomu yetu ina swali moja tu: mgonjwa anaona visivyokuwepo? Nikatia alama ya ndiyo. Trizah akadungwa sindano, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mtoto akanyonya chupa siku kumi na moja. Aliporudi, maziwa yalikuwa yamekauka.

Msiniambie sayansi haikujua. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, Uingereza, watu elfu kumi na saba waliulizwa swali kama hilo, na karibu mmoja kati ya kumi akakubali. Watu wazima na akili zao. Baadaye, Marekani, mtafiti mmoja aliwaambia watu wawaze ndizi huku akiwamulikia kisiri picha hafifu ya ndizi, nao wakadhani wanaiona akilini tu. Wasomi wamejua kitambo kwamba kuona na kuwaza ni wapangaji waliotengwa na mabati: ya huku yanasikika kule. Mbona fomu yetu haijui? Nani aliamua elimu hiyo ni nyingi mno kwa watu wa mtaa wetu huu wa Soweto West?

Lakini fomu haijiandiki. Mkono ulikuwa wangu, na mimi ni Mbukusu; kwetu marehemu huja kuwapa watoto majina. Nyumbani naitwa Nafula, jina ambalo kukhu, nyanya yangu, alimletea mama yangu, kukhu mwenyewe akiwa tayari kaburini. Nilijua. Nilivaa yunifomu nikajifanya sijui, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki jana shule ya chekechea iliyotaka kumwajiri Trizah iliomba barua ya afya kwetu. Tukaandika lile lile la kwenye faili. Kazi ikampotea.

Daktari Kagiri, mwezi mzima unaniambia tutaona. Masahihisho ya faili la Trizah nimeyaandika mwenyewe, yanangoja sahihi yako. Karatasi hii hapa, kalamu hii hapa, mashahidi ndio hawa.

Redio mliyoninunulia ni nzuri, lakini sitaigusa kabla karatasi hii haijatiwa sahihi. Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Daktari, njoo. Mimi sishuki hapa jukwaani.