Gerishon Kagwe na Beringi ya Saba

Mchungaji, wazee wetu, mama Waithira na watoto, ndugu na majirani mliotoka Thika, Ruiru na hata Ngoliba, mimi ni Macharia wa Waweru, ndugu mdogo wa marehemu, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza kwamba habari za maisha yake nizisome mimi, kwa sababu ambayo nitaieleza nikifika mwisho.

Marehemu Gerishon Kagwe alizaliwa mwaka 1918, mvua ya masika ikinyesha, ng'ambo ya mto Ruiru, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Waweru na mama Nyawira, na kwa kuwa alipewa jina la babu yetu, baba hakumwita kwa jina hata siku moja, alimwita "baba" kama ilivyo desturi, huku mimi niliyezaliwa miaka miwili baadaye nikiitwa Macharia asubuhi na jioni, na sitawaficha, wivu niliuanza kabla sijang'oa meno ya utoto.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1928 hadi 1933, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1932, walimu wakamsifu kwa kila kitu isipokuwa mwandiko, kwa maana mwandiko mzuri nyumbani kwetu ulikuwa wangu, na hilo ndilo jambo pekee nililomshinda maishani, naomba mlikumbuke.

Tarehe 3 Februari 1936 aliajiriwa katika karakana ya Bwana Gurdit mjini Thika, nami nikamfuata mwaka uliofuata, tukafundishwa kazi moja na mwalimu mmoja, kazi ya kuyeyusha madini laini na kuyamimina ndani ya beringi za injini, kisha kuyakwangua kwa mkono hadi chuma kinachozunguka humo kikae bila kubanwa wala kulegea, lakini beringi zake zilidumu miaka na zangu zilipata moto kabla ya Krismasi, kwa hiyo yeye akabaki fundi, mimi nikapewa kalamu na meza, nikawa karani wa kumwandikia yeye sifa zake.

Alifunga ndoa na Waithira tarehe 9 Agosti 1941, msichana ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, sokoni Ruiru, nikaenda kumsimulia kaka yangu uzuri wake, kosa ambalo mke wangu aliyeketi pale amekwisha kunisamehe, na Mungu akawajalia watoto sita na mwingine, wa kwanza wakiwa Waweru na Nyawira.

Nimesema sita na mwingine kwa sababu marehemu hakuitaja hesabu ile inayofuata sita, kwetu ni hesabu ya laana na ya waganga, na ingawa alikuwa mzee wa kanisa, alipogonga namba kwenye beringi ili kila moja irudi mahali pake, aligonga hadi sita kisha akaruka kwenda nane, jambo ambalo karakana nzima ililijua wala halikumsumbua mtu, kwa kuwa injini zake alizifunga mwenyewe.

Mnamo Novemba 1955 boti ya doria ya serikali, ile ya kukimbiza wenye magendo huko Mombasa, iliharibika injini, beringi zikatengenezwa hukohuko mara mbili na mara mbili zikayeyuka, boti ikapandishwa juu ya magogo, hadi mtu mmoja wa reli akawaambia kuna mikono fulani Thika, ndipo kranki ya injini, kile chuma kinachozunguka ndani ya beringi, ikaletwa kwa treni ndani ya sanduku, ikakwama wiki tano njiani kwa ajili ya vibali, na ilipofika marehemu akaikwangulia beringi zote nane kwa siku kumi na tisa, akazigonga moja hadi sita, kisha nane na tisa, akaniomba niandike katika karatasi ya maelezo kwamba yenye nane ni ya saba na yenye tisa ni ya nane.

Wiki hiyohiyo ilikuja barua kwamba boti ikiwaka, Kagwe atahamia Mombasa awe fundi mkuu wa boti za doria, apewe nyumba na pasi ya kwenda atakako, na mimi niliyeipokea barua hiyo niliketi na kalamu yangu, wivu ukanishinda, nikaandika kila kitu kwa mwandiko wangu mzuri, nikaiacha sentensi ile moja.

Sanduku liliondoka Jumatano tarehe 11 Aprili 1956, Mombasa wakaandika kuuliza beringi ya saba iko wapi, nikawajibu mimi karani kwamba zote zimo, boti ikalala miezi mitatu zaidi, mwishowe wakaitia yenye nane mahali pa nane na yenye tisa katika pengo, wakaiwasha tarehe 23 Julai, ikanguruma dakika kumi na moja, kranki ikakatika, na boti haikurudi majini hadi Septemba 1957.

Marehemu alifukuzwa kazi, akawa anatengeneza pampu na mikokoteni pale mtaani Landless, na wengi wenu mlimwita Fundi Asiyejua Kuhesabu, hata kanisani, naye akicheka nanyi, nami nilikuwa nacheka pia, kwa kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Aliugua figo tangu Mei mwaka huu, akalazwa hospitali ya Thika, na siku tatu kabla ya kufariki kwake hapo Ijumaa tarehe 14 Agosti 1959, alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, karatasi yangu ya maelezo, aliyoikuta ndani ya sanduku kranki iliyovunjika iliporudishwa, akakaa nayo miaka yote hiyo bila kuionyesha kwa mtu, kwa sababu katika Hali hii ya Hatari aliyeharibu chombo cha serikali angepelekwa kizuizini, akaniambia kwamba mwandiko wangu ni mzuri, niandike habari zake nyuma ya karatasi hiyo, na safari hii nisiruke kitu.

Karatasi yenyewe ni hii ninayoisoma, na kama kuna sikio la serikali hapa, limesikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Landless waliomwogesha na kumlisha, mafundi wenzake mliochimba kaburi hili, na mama Waithira ambaye amejua jambo hili sasa hivi pamoja nanyi, nami sithubutu kumtazama.

Alijua kuhesabu, watu wangu. Pumzika kwa amani, Kagwe, pumzika, baba.