Shangazi na Vifungo vya Kinyume

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, fundi wetu wa mashine za michezo, ambaye wafanyakazi na wateja wote tunamwita Shangazi, anastaafu baada ya kuutumikia ukumbi huu kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi ya kumwandikia nimepewa mimi wa kaunta, kwa sababu nimekaa naye karibu na kwa sababu nina mdomo.

Alianza kama mfagiaji. Siku moja fundi wa wakati huo hakutokea, mashine ikazima wateja wakiwa kwenye foleni, Shangazi akaweka ufagio chini akaifungua. Tangu hapo ufagio ulishikwa na mtu mwingine.

Mashine yenyewe ni ile ya kona, ya mchezo wa ngumi uliotokana na katuni ya Kijapani iliyokuwa ikionyeshwa kwenye runinga kila jioni. Ni mchezo bapa wa zamani: wapiganaji huenda kushoto na kulia, huruka na kuchuchumaa, basi. Lakini binti wa utepe mwekundu akimrushia radi yule mzee wa ndevu, ukumbi mzima hugeuka kutazama.

Mwaka wake wa kwanza wa ufundi, Shangazi alibadilisha waya za vifungo akaziunganisha kinyume: cha ngumi kikapiga teke, cha teke kikapiga ngumi. Kabla hajagundua, mtaa mzima ulikuwa umeshazoea. Alipotaka kurekebisha, wateja walimjia juu. Vijana wetu walipokwenda kushindana ukumbi mwingine walichapwa vibaya, wakarudi wakisema mashine za wenzao ni mbovu. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka huu kicheko kilipungua. Meneja alitangaza kwamba Shangazi akiondoka, mashine ya kona nayo itaondolewa, maana siku hizi wateja wanapenda hizi mpya.  Shangazi aliendelea kukifuta kioo cha mashine hiyo kila asubuhi, na ilituuma kumtazama.

Kisha akaja fundi mpya, binti hodari wa kufuata maelekezo. Akasoma kibandiko cha mashine, akaona vifungo viko kinyume, akavirekebisha. Tulikoma. Kesho yake kaunta yangu ilijaa akina baba wenye mvi na akina mama waliotoka kazini, wote wakitaka vifungo vyao walivyovizoea. Meneja akajaribu mwenyewe, akatandikwa na binti yake mdogo ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile. Jioni hiyo meneja alikubali kwamba mashine haiendi popote.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ya Shangazi imekuwa kulirudisha kosa lake mahali pake, fundi mpya akimshikia tochi.

Shangazi, asante kwa mikono yako, na kwa kutugombeza tulipomwaga soda juu ya vifungo. Miaka yote umeijaribu mashine raundi moja, kisha ukainuka kumpisha mteja. Ijumaa kiti ni chako mpaka uchoke, na mpinzani wako ni mimi. Tunakuombea mapumziko mema, yenye afya na furaha tele. Ila kwenye mchezo, usitegemee nikuhurumie.