Docteur wa Kanape

Ndugu zangu, kosa langu mulilikula ninyi wenyewe, humu humu kanisani: ile keki yenye umbo la jino. Nilikubali ibada ya shukrani ifanywe mbele ya mtihani wa kuingia chuo, sijaufanya bado. Munakumbuka? Nilisimama hapa na kitenge kipya, mukaniita Docteur, nami kitabu cha kemia sikuwa nimekifungua. Nikapunga mkono kama mke wa gavana.

Nilikuwa nimetoka Lille, kule Ufaransa, nikafikia kwa tantine, mtaa huu wa Matonge, nisomee meno hapa. Sasa, kwa mtu asiye mkaaji wa Ubelgiji, nafasi ni chache sana. Hiyo sikuijua. Tonton mmoja, mzee wa humu kanisani, simtaji, lakini namuona anasafisha miwani, aliniambia: « Unalala Matonge, unakula sombe ya Matonge, donc wewe ni mukaaji. Serikali ya hapa naijuaka miye. » Anaijua, ndiyo: anapitaka Schuman, kwenye maofisi makubwa ya Ulaya, ndani ya basi. Na mimi, na diploma yangu ya sekondari, nikaamini.

Basi nikalala. Wengine wana kipaji cha kuimba. Changu mimi kilikuwa kanape ya tantine. Wenzangu wanasoma, mimi nangojea unabii utimie. Alama za kupita nilizipata, ni kweli. Lakini walinipanga kwenye mstari wa wageni, na mstari ule umejaa watu wasiolala. Nafasi zikaisha mbele yangu.

Niliwaambia? Hapana. Kila dimanche, ibada ikiisha, kwenye mlango ule wa kanisa, munanifungulia vinywa kama vifaranga. « Docteur, angalia hili la nyuma. » Nami naangalia! Nainamisha kichwa, nasema « Mm », kama mtu aliyeona kitu. Nilichokuwa naona ni majani ya sombe kati ya meno.

Hadi siku moja jirani wa ghorofa ya juu, maman aliyeoka ile keki, akateremka na shavu limevimba kama andazi. Akakaa, akafungua kinywa. Nikaona usaha, na machozi ya mtu mzima. Ile « Mm » nikaiacha.

« Maman, mimi si docteur. Nilikosa nafasi. »

Akafunga kinywa polepole. « Alors, nilikuwa nakufungulia kinywa bure? »

Tantine alikuwa jikoni, akasikia yote. Kesho yake akauza kanape. Si mfano, ndugu zangu: watu wawili waliiteremsha kwenye ngazi, nami nyuma nimekumbatia mto. « Mara moja tena, » akasema. « Ukikosa, unarudi kwa mama yako, na meno hutayasikia tena. »

Nikasomea kwenye kiti cha mbao mwaka mzima. Tonton akaja kunishauri nidanganye kuhusu makao. Nikamwambia aendelee na miwani. Nikarudi kwenye mstari ule ule wa wageni, safari hii macho wazi. Juzi matokeo yametoka: nafasi ninayo.

Tantine, asante kwa kuuza. Asante kwa wale dada wawili wa maktaba, walionifundisha kemia bila kuniita Docteur hata mara moja. Fundisho langu ni dogo: keki ije nyuma ya mtihani. Na mukimuona mtu anasifiwa naye hajafanya kitu, mumpe kiti cha mbao.

Jana nilipanda juu kumpasha jirani habari. Nilitarajia walau kipande cha keki. Akanitazama, shavu lilishashuka zamani, akasema: « Lile jino docteur muzungu alishaling'oaka. Weye enda kwanza usome. »