Waombolezaji wa Rasila

NIRANJAN: Haloo? Nani mwenzangu?

RASILA: Nani mwenzako! Tangu asubuhi nakupigia, simu umeizima.

NIRANJAN: Dada Rasila? Shikamoo, da—

RASILA: Unamwamkia nani? Maiti inaitikia salamu siku hizi?

NIRANJAN: Ngoja, dada, huku mitambo ya gazeti inanguruma, sikusikii viz—

RASILA: Basi toka nje ya hicho kiwanda chenu cha uongo! Nina watu arobaini uani, wote wamevaa nyeupe. Wamekuja kunililia. Mimi! Nimesimama jikoni kwangu nawajazia maji ya kunywa waombolezaji wangu mwenyewe!

NIRANJAN: Mbona mapema? Tangazo lilisema saa kumi.

RASILA: Ahaa! Kumbe unalijua!

NIRANJAN: Nimeliona asubuhi, kama wewe. Ni makosa ya mpangaji kurasa, dada. Kwenye riwaya yangu, sura ya wiki hii, mama anafariki. Nikaandika tanzia yake, nikaizungushia mstari kama zile za kweli. Jamaa kaona tanzia, kaipeleka ukurasa wa tanzia.

RASILA: Na jina langu je? Na mtaa wangu hapa Bhavnagar? “Besnu, kikao cha kuomboleza, leo, saa kumi hadi saa kumi na mbili, nyumbani kwa marehemu.” Tangu lini riwaya ikawa na namba ya nyumba?

NIRANJAN: Mwandishi huwa anaazima, dada.

RASILA: Anayeazima anarudisha! Miaka ishirini na mbili unajichotea tu. Harusi yangu uliiandika. Ugomvi wangu na mama mkwe ukauandika, mwezi mzima nikaogopa kwenda sokoni. Mama alipofariki ulimaliza sura kwanza, ndipo ukaja kuwasha kuni za kumchomea.

NIRANJAN: Gazeti lilikuwa linasubiri—

RASILA: Na mama alikuwa anasubiri!

NIRANJAN: Shemeji anasemaje?

RASILA: Vrajlal? Kakaa kwenye bembea yake barazani, kavimba. Gazeti letu kalichana asubuhi, hata sijalishika, tangazo nimesomewa na wageni. Anawaambia watu, “Mke wangu mzima, nendeni zenu,” nao wanasema masikini, huzuni imemvuruga. Champa wa jirani kaja na gazeti lake, kaikata picha yangu, kaivika shada la maua, sasa wanapita mmoja mmoja wanaipigia—

NIRANJAN: Dada? Dada, upo?

RASILA: Hii picha.

NIRANJAN: Mtandao unakatika—

RASILA: Mtandao mzima kabisa! Nimevaa sari ya kijani ya harusi ya binamu Bipin. Picha hii ulinipiga wewe. Hata mimi sina. Mpangaji kurasa kaitoa wapi?

NIRANJAN: Shemeji alisema nini siku Ketaki alipoolewa na mtoto wa fundi viatu, mtu wa tabaka la chini?

RASILA: Usimtaje mwanangu.

NIRANJAN: Alioga maji ya msiba kama aliyefiwa, na binti yake yu hai. Halafu akasema nini?

RASILA: Unakijua alichosema.

NIRANJAN: Sema, dada.

RASILA: Alisema Ketaki hatakanyaga kizingiti hiki mpaka mimi nife. Haya, umefurahi?

NIRANJAN: Miaka kumi na moja namwandikia shemeji. Barua, makala, riwaya nzima. Hajasoma hata mstari. Ila Ketaki, kule Ahmedabad, kila asubuhi anafungua ukurasa wa tanzia kabla ya chai. Anatafuta jina lako. Siku likitokea ndiyo siku pekee aliyoruhusiwa kuja.

RASILA: Mshenzi wewe! Umemfanya mwanangu apande basi analia, saa nne njiani, anajua mama yake kafa! Ulilifikiria hilo?

NIRANJAN: Nililifikiria.

RASILA: Na hukuniuliza!

NIRANJAN: Ungekataa.

RASILA: Ningekataa, ndiyo! Kifo ni changu, Niranjan! Mtoto ni wangu! Vyote vyangu unaviona ni wino wa— Subiri. Bajaji imesimama langoni.

NIRANJAN: Nani?

RASILA: Mwanangu. Amenenepa.

NIRANJAN: Dada…

RASILA: Kamshika mkono mtoto wa kike. Nina mjukuu, Niranjan. Ulijua?

NIRANJAN: Ketaki alinikataza.

RASILA: Kapiga magoti mbele ya picha. Analia, hajaniona. Huyo mtoto kavaa viatu vizuri, viatu vya— Vrajlal kasimama. Anamfuata. Anamnyooshea mkono, anamwonyesha lango. Vrajlal! VRAJLAL! Ulisema mpaka nife! Si nimekufa? Watu arobaini hawa wamekuja kufanya nini? Ushushe huo mkono! Mpishe mwanangu!

NIRANJAN: Dada? Anafanyaje? Dada!

RASILA: Kaushusha. Karudi kwenye bembea.

NIRANJAN: Ashukuriwe Mungu.

RASILA: Wewe nyamaza. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Na ole wako uandike haya.

NIRANJAN: Siandiki. Niambie tu, Ketaki akikuona atasema nini kwanza? Neno moja tu, da—

RASILA: Kata simu, Niranjan. Marehemu ana wageni.