Aristides Kahigi na Gurudumu la Kushoto

Wasifu uliosomwa na Polikarpi, mdogo wa marehemu. Kaisho, Karagwe, 12 Desemba 1997.

Aristides Kahigi, tunayemzika leo, alizaliwa Bugomora tarehe 3 Machi 1948, siku ya mvua. Tunaijua mvua hiyo kwa sababu mama yetu aliitaja kila alipomwona ametapakaa matope, yaani karibu kila siku.

Alisoma Bugomora hadi darasa la nne, kisha Kaisho hadi la nane, mwaka 1964. Walimu walimtabiria ualimu. Yeye alipanda lori la kahawa kama utingo, na utabiri ukaishia hapo.

Alipata leseni mwaka 1971, na mwaka 1975 parokia ikamkabidhi pikapu. Mwaka 1983, ilipokwisha kuchakaa vya kutosha, ikamuuzia. Ambaye hajawahi kuisukuma pikapu ile ni mgeni hapa, na kwa ajili yake tunaeleza. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna loki ya kuzungushwa kwa mkono. Usipozifunga, magurudumu ya mbele yanasindikiza tu, kama sisi tulivyomsindikiza marehemu. Ukizifunga, nayo yanavuta. Ukifunga moja ukaacha ya pili, hujafunga kitu.

Tarehe 29 Aprili 1978 alifunga ndoa takatifu na Stephania Mukashema wa hapa Kaisho. Wakitoka kanisani, pikapu ilianza kuserereka kwenye mlima wa Kyabugaju. Bwana harusi akashuka kufunga loki ya kulia. Alipozunguka mbele, alimkuta bibi harusi amechuchumaa na gauni lake, anafunga ya kushoto.

Shangazi akapiga kelele: "Mukashema! Gauni!"

"Shangazi, gauni limeshakwisha. Acha tufike."

Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi yao. Kulia kwa mume, kushoto kwa mke. Miezi sita baadaye vita vikaanza, wakawabeba watu wa mpakani kutoka Murongo kwa mtindo huohuo, wakishuka kila mmoja kwa mlango wake. Milango miwili ilifunguka, miwili ikafungwa.

Tarehe 17 Aprili 1986 Mukashema, ambaye sasa tulimwita Mama Immaculata, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Alilazwa nyuma kwenye godoro, chini ya turubai. Kyabugaju palikuwa pameloa. Marehemu akashuka, akafunga loki yake kama alivyofanya kwa miaka minane, akarudi ndani, akakanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba. Ndipo sauti ikatoka chini ya turubai:

"Aristides, gurudumu langu umelifunga?"

Alilifunga wakati huo, lakini gari lilikuwa limekwisha kukaa juu ya ekseli. Mtoto alizaliwa palepale. Mama yake alimbatiza kwa maji ya mvua, akamwita Evaristi, na Evaristi akatutoka bila kusubiri watu wa kusukuma.

Kuanzia hapo marehemu alifunga pande zote mbili mwenyewe, kisha akazunguka tena kuhakikisha. Mama Immaculata alibaki ndani ya gari. Hakukataa kushuka, na wala hakuombwa. Kwa miaka kumi na mmoja kaka yangu alisubiri neno moja kutoka kwa mke wake. Hakujua aliombeje, nasi ndugu tuliona ni busara kuzungumzia bei ya kahawa.

Mwaka 1991 mwanangu Egbert, mfanyabiashara wa Murongo, alinunua pikapu ambayo loki zake hujifunga zenyewe.

"Baba mkubwa," alisema, "wenzako tumekaa ndani tumekauka, wewe bado unayapigia matope magoti kama sanamu. Hizi hazina upande wa kusahau."

Marehemu akamaliza kwanza chai yake.

"Ikikosea," akauliza, "atalaumiwa nani?"

Mwezi uliofuata Egbert alikwama Kyabugaju. Alirudi nyuma kidogo ili apate nguvu ya kupanda, na loki zake, ambazo gari likirudi nyuma hujifungua zenyewe, zikajifungua. Marehemu alimvuta kwa kamba bila kusema neno. Egbert anasema afadhali angetukanwa.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Agosti mwaka huu. Tarehe 30 Novemba Egbert alimpeleka hospitali, na Kyabugaju ikapandwa bila mtu kushuka.

"Nani amefunga?" mgonjwa akauliza.

"Zimejifunga, baba mkubwa."

"Shuka uangalie."

Egbert akashuka kwenye mvua, akarudi. "Zimefunga."

"Na ya kushoto?"

Akashuka tena.

Wodini alimwambia mke wake: "Mukashema, siku ile nilifunga yangu tu."

"Najua," alijibu. "Nilikuwepo."

Akamtengenezea shuka. Kaka yangu alifariki tarehe 9 Desemba, alfajiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, Immaculata, Rweyemamu na Therese, na pikapu ambayo bado inawaka. Ndiyo iliyomleta jana, kwa sababu Egbert mwenyewe alisema gari lake halifai kwa safari hiyo. Chini ya Kyabugaju Egbert alisimama, akashuka, akafunga loki ya kulia. Kabla hajazunguka, mlango wa pili ulifunguka. Mama Immaculata alishuka na khanga zake za msiba, akachuchumaa, akazungusha. Kisha akaenda nyuma, akaweka mkono wenye matope juu ya jeneza.

"Aristides," akasema, "langu nimelifunga. Twende."

Gari likapanda. Kaka, pumzika.